Ile VAT ya Aprili 2020

Machi 25, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ingeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili mosi. Habari njema, ila si kwa mtu aliyerithi programu ya mauzo ya msambazaji wa vifaa vya ujenzi Mombasa. Kiwango kile kilikuwa kimetapakaa kila mahali: kwenye klasi (kipande cha programu chenye kazi yake) ya Ankara kama 0.16, kwenye Risiti kama 1.16, na kwenye ripoti ya mwezi kama 16/116, kwa ajili ya kuichomoa kodi ndani ya bei. Ukitafuta sura moja, nyingine mbili zinakupita.

Mwenzangu alitaka tuzibadilishe zote usiku wa tarehe 31, tukalale. Kafyu ya korona ilishaanza, kwa hiyo tulibishana kwa simu, mhasibu akiwa kwenye laini. Mama yule alinyamaza hadi tukachoka, kisha akauliza: "Haya wanangu, na rangi niliyouza Machi ikirudishwa Aprili?"

Swali hilo ndilo lililotuonyesha kanuni yenyewe. Rangi ya shilingi 100,000 ilitozwa kodi 16,000; krediti noti, yaani hati ya kumrudishia mteja thamani ya bidhaa aliyorudisha, ikitoka kwa asilimia 14, mteja anapunjwa 2,000 na hesabu za KRA, mamlaka ya mapato, hazilingani. Kiwango bila tarehe hakina maana.

Basi tukaunda klasi ya KiwangoChaKodi: aina ya bidhaa, asilimia, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Ankara ikapokonywa kiwango. Ikawa inauliza tu, kwa tarehe hii na bidhaa hii ni ngapi, kisha inaandika jibu kwenye kila mstari wake. Krediti noti haiulizi kitu, inanakili kutoka ankara ya awali. Ankara za zamani tulizijaza 16 kabla ya saa sita usiku.

Mwenzangu akanogewa. Akataka na punguzo, na mikopo ya wateja, vyote viingie kwenye jedwali pamoja na fomula zake, wahasibu wajiandikie. Nilikataa, na hata leo ningekataa. Namba inayobadilika ikae kwenye jedwali. Kanuni inayobadilika umbo, kama punguzo la leo kwa kiasi na la kesho kwa uaminifu wa mteja, ipewe klasi yake nyuma ya kiolesura kimoja, yaani njia moja ya kuiita, na majaribio yake. Fomula ndani ya jedwali ni programu isiyo na mtu wa kuijaribu.

Kiwango kiliporudi 16, Januari mosi 2021, mhasibu alikuwa ameshaingiza mstari mpya mwenyewe. Bidhaa za Desemba zilizorudishwa zikatoka kwa 14, sawasawa. Akanipigia kuuliza kama bado kuna haja ya kunilipa. Nikamwambia ipo, Mama: mkurugenzi ametaka punguzo jipya la mabati, na hilo halitoshi kwenye mstari.