Kumbe hata Uingereza faili hufuatwa

Barua imenikuta Jumanne nikitoka shifti ya usiku, jaketi la ghala bado liko mwilini. Bahasha nyeupe yenye kidirisha. Ndani mistari minne: tunasikitika kwamba hukufika kwenye miadi yako ya kliniki ya wanawake, hospitali imekurudisha kwa daktari wako, ukiwa bado una shida muone akuandikie rufaa mpya.

Rufaa mpya! Baada ya miezi saba!

Nilikaa kwenye ngazi hapo hapo. Miadi gani? Nani aliniambia? Baadaye ndipo nikajua kwamba barua ya kuniita ilitumwa kwenye nyumba tuliyohama mwaka jana. GP, yaani daktari wa mtaa ambaye umesajiliwa kwake, nilimpa anwani mpya wiki ile ile tuliyohamia. Nikadhani akijua yeye basi wote wamejua. Kumbe hospitali ina rekodi zake. Barua ya kuniita ikapotea, ya kunilaumu ikafika bila kukosea mlango.

Wacha niseme ninachougua, akina mama wenzangu mtaelewa. Fibroidi. Uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi navuja siku tisa, siku kumi, pedi mbili kwa mpigo, na bado nikiwa kazini ninajikagua nyuma kama msichana wa darasa la saba. Damu ilipopimwa mara ya kwanza, hemoglobini, yaani wingi wa damu, ilikuwa 98. Huku ndivyo wanavyohesabu. Kwetu wangesema 9.8 na sista angekutazama kwa jicho lile. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, pauni 9.90, na ahadi moja: "Tumekuandikia rufaa. Utapata barua."

Nami nikangoja. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo lililonifanya niandike leo.

Unajua kwa nini nilingoja? Kwa sababu nilikuwa nimelipa. Sisi tuliokuja kwa viza ya mume au mke aliyeajiriwa nje ya sekta ya afya hulipia matibabu kabla hata ya kupanda ndege. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, kwa kila mtu mzima. Yangu ilikuwa ya miaka mitatu: pauni 3,105 zilizotoka kwa mpigo mmoja. Zigeuze ziwe shilingi za Kenya, ni zaidi ya nusu milioni. Tuliuza ploti ya Mamboleo, kule Kisumu, ambayo leo ukisikia bei yake utalia pamoja nami. Mtu aliyelipa hivyo anaamini mashine itajiendesha. Anaamini huku hakuna mambo ya "rudi kesho", hakuna faili kupotea, hakuna karani aliyekwenda chai.

Nikampigia Mama Kisumu. Kule ilikuwa saa nne, alikuwa akichambua omena. Kwetu Manyatta ni nyumba ya Kiswahili, Baba Mjaluo, Mama wa Kakamega, hiyo lugha ndiyo iliyowapatanisha. Nikamweleza yote nikilia. Akanyamaza kidogo. Huniita mama, kwa kuwa nina jina la mamake mzazi.

"Mama," akaniuliza, "tangu wakuandikie hiyo rufaa umeenda kuuliza mara ngapi?"

"Sijaenda. Walisema nitapata barua."

"Miezi saba?"

"Ndiyo."

"Wewe! Na Baba yako alitibiwa vipi, kwani ulikuwa hauko?"

Nilikuwako. Mwaka 2017 Baba alikuwa na shida ya tezi dume, akaandikiwa rufaa kwenda Russia. Ndivyo tunavyoiita Kisumu ile hospitali kubwa ya Jaramogi, kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga miaka ya 1960. Barua ya rufaa ilikuwa bado katika hospitali ndogo alikoanzia, jina lake silitaji, ikingoja sahihi. Mwezi Juni wauguzi nchi nzima wakagoma, na mgomo ule ulikaa hadi Novemba. Kila kitu kikasimama. Watu walirudishwa nyumbani na mipira ya mkojo mwilini.

Mama hakusimama. Kila Jumatatu alipanda boda ya hamsini bob, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya rekodi, leso mabegani, njugu kwenye kijikaratasi. Hakugombana na mtu. Alikuwa anasalimia tu. Kufikia Agosti alimjua bawabu, alimjua anayepiga deki, alijua karani hunywa chai saa ngapi na mtoto wake amefanya mtihani gani. Alipoambiwa "barua haionekani", alijibu, "Sawa baba, basi ngoja nikusaidie kuitafuta." Kumbe ilikuwa kwenye kabati la faili za watu wengine, wakaiona. Siku mgomo ulipoisha Baba alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupangwa. Leo yuko Kisumu anabishana kuhusu Gor Mahia.

Nilikuwa ninamwonea Mama aibu nyakati zile. Nilikuwa nimemaliza chuo, nilijiona mtu wa mifumo. Nikasema nchi zilizoendelea mgonjwa hafuati faili, faili humfuata mgonjwa. Sasa niko hapa kwenye ngazi.

Basi siku ile sikulala. Saa mbili kamili nilikuwa na simu mkononi, maana kwa GP ukipiga saa mbili na dakika tano uko nambari 31 kwenye foleni na nafasi za siku zimekwisha. Msichana wa mapokezi akasema kwa upole kabisa kwamba rufaa mpya itaandikwa na nitapata barua. Neno lile lile! Zamani ningesema asante. Safari hii nikauliza: itaandikwa na nani? Lini? Nikipiga Ijumaa nimuulizie nani? Akanyamaza, akaniweka kwenye muziki, akarudi na jina la mtu na siku. Nikaandika kwenye daftari. Ni daftari la shule la mwanangu, kurasa za nyuma. Sasa lina tarehe, saa, jina, alichosema.

Ijumaa nikapiga. Haijaandikwa. Jumatatu nikapiga. Imeandikwa, imetumwa. Nikaomba nambari ya rufaa, ile yenye tarakimu 12, nikaangalia mwenyewe kwenye programu ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, kwenye simu. Haikuwapo. Nikapiga tena. Kumbe imeandikwa lakini hakuna aliyebofya kutuma. Hapo nilicheka, wallahi. Nilisikia harufu ya njugu za Mama.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nililijua kwa Mghana mmoja tunayefanya naye kazi: kila daktari bingwa ana sekretari, na sekretari huyo ana simu. Usipigie tu laini kubwa ya hospitali. Omba sekretari wa daktari fulani. Nikampata mama mmoja, kwa sauti ni mtu mzima wa miaka yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akaniita "mpenzi". (Huku kaskazini mwa England hata dereva wa basi anakuita mpenzi, usije ukabadilisha nguo.) Akafungua rekodi yangu, akasoma kimya, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza kwa miezi saba: "Unaendeleaje?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba ninapanda ngazi nikipumzika mara mbili. Kwamba damu imepimwa tena, ni 84. Akasema rufaa yangu imewekwa kwenye foleni ya kawaida, na yeye hana mamlaka ya kunisogeza, ila GP akiandika barua ya kuharakisha, akitaja hiyo 84, daktari ataisoma upya. Akanifundisha na maneno ya kuomba. Halafu akauliza kama ninaweza kuja kwa taarifa fupi, mtu akighairi. Nikasema hata usiku wa manane.

Barua ya kuharakisha ilinichukua simu nne nyingine. Sitaisimulia, daftari linajua.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, simu ikalia, nambari imefichwa. Nyinyi mlio huku mnajua tunavyozikwepa hizo. Tunadhani ni wa madeni au wa kuuza bima. Nikaipokea kwa sababu ya Mama tu. Kesho asubuhi saa tatu, kuna aliyeghairi, unaweza? Nikaacha shifti, mshahara wa siku ukaenda, nikaenda.

Sasa wewe uliye Kondele unayetafuta viza, ukiniuliza nikushauri nini: ukifika jisajili kwa GP wiki ya kwanza, usingoje kuugua. Beba matokeo ya vipimo vya nyumbani. Ukihama, badilisha anwani kwa GP na hospitalini pia, kila mahali peke yake. Pokea nambari zilizofichwa. Ukiambiwa "utapata barua", uliza mpaka lini, na siku hiyo ikipita piga. Hapa England unapopewa rufaa ya kwanza una haki ya kuchagua hospitali, na foleni hazilingani. Mimi nilichagua ya karibu na basi, sikuuliza ipi ina foleni fupi. Na ukizungushwa kabisa, kila hospitali ina ofisi ya PALS ya kusikiliza wagonjwa. Si ofisi ya kushtaki. Ni kama kumpata yule shangazi anayeweza kuzungumza na pande zote.

Usiende kukaa kwenye benchi kama Mama, lakini. Nilijaribu. Nilienda mapokezi siku moja nikakaa tu, nikitabasamu. Baada ya nusu saa mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Benchi la huku ni simu.

Kuna siku hasira hunipanda. NHS wana lengo la wiki 18 tangu rufaa hadi matibabu kuanza, na tangu 2016 England haijalifikia inavyotakiwa. Mwaka 2025 foleni ilikuwa na rufaa zaidi ya milioni saba. Ile ultrasaundi niliyoingoja wiki tisa, Kisumu ungefanyiwa kabla ya chai ya saa nne na ukatoka na picha mkononi. Shoga yangu amenitumia meseji: njoo nyumbani ukatwe, tiketi na daktari wa binafsi bado ni nafuu kuliko hiyo ada mliyolipa. Nimepiga hesabu, hajakosea sana.

Lakini usiku nikitulia ninakumbuka ile ultrasaundi ya kabla ya chai ni ya mwenye pesa. Ninakumbuka magrupu ya WhatsApp, paybill, harambee ya mtu wa kanisani aliyetaka upasuaji kama huu huu wangu, na mweka hazina akitutajia kila jioni zimefika ngapi. Sasa huko Kenya kuna SHA, bima ya afya ya serikali, mnakatwa asilimia 2.75, na dadangu bado ananitumia risiti za dawa anazonunua nje. Hapa, siku nilipomuona daktari, hakuna aliyeniomba hata peni ya kalamu. Alinichora kizazi changu kwenye karatasi, uvimbe mmoja mkubwa kama chungwa na viwili vidogo, akaniuliza kama nataka watoto zaidi, akangoja nijibu. Nilitoka nikiwa na karatasi ile kama cheti.

Na wale wasiojua kusumbua? Kwenye foleni ile kuna bibi wa Kipakistani jirani yangu, Kiingereza chake ni cha salamu. Miaka miwili anangoja goti. Nilipomuuliza ameshapiga mara ngapi, alinionyesha barua ya kwanza, imekunjwa vizuri ndani ya Qurani. Alisema wakiwa tayari wataita. Nimeshaandika jina lake ukurasa mwingine wa daftari. Jumatano tunapiga pamoja, mjukuu wake akitafsiri.

Mimi nimewekwa kwenye orodha ya upasuaji. Tarehe haijatoka. Waliniambia, nadhani mnalijua neno, nitapata barua.

Mama naye amechora kalenda yake ya ukutani, ile ya sacco yenye picha ya tembo. Kila Jumatatu simu yangu inalia kabla sijavua viatu vya kazi.

"Mama, umepiga?"

"Bado, Mama. Ndiyo nimeingia nyumbani, hata saa mbili haijafika."

"Basi mimi nakata, ili laini yako iwe wazi."

Na kweli anakata.