Karatasi Niliyompelekea Meneja

Nilikuwa fundi wa matengenezo katika kiwanda kilichofanya kazi usiku na mchana, na zamu zilibadilishana saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Makabidhiano yalifanyika kwa mdomo, mara nyingi mlangoni, mmoja akivua ovaroli na mwingine akivaa yake. Anayetoka alisema aliyoyakumbuka, na anayeingia alishika yale aliyoweza kuyasikia katikati ya kelele za mitambo. Asubuhi moja mwenzangu alikaribia kuwasha pampu ambayo ilikuwa imefunguliwa usiku na haijafungwa sawasawa. Kilichomwokoa ni macho yake tu, kwa kuwa aliona boliti zimelegea juu ya kifuniko. Hakuna aliyeumia, na kwa sababu hakuna aliyeumia, tukio lile halikuandikwa popote. Kutoandikwa huko ndiko kulikonisumbua zaidi kuliko tukio lenyewe.

Katika kulitafakari jambo hilo nilisoma habari za Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi lililokuwa katika Bahari ya Kaskazini. Mchana wa Julai 6, 1988, vali ya usalama ya pampu mojawapo iling'olewa kwa ajili ya matengenezo, na mahali pake pakafunikwa kwa kifuniko cha muda. Kazi haikuisha siku ile, na habari zake hazikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozimika, waliwasha ile ya kwanza wakiamini kuwa iko tayari. Gesi ikavuja, mlipuko ukatokea, moto ukaendelea, na watu 167 wakapoteza maisha. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, jaji wa Uskoti, iliyotolewa mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, ilieleza kwa kirefu udhaifu wa vibali vya kazi, yaani karatasi za kuruhusu matengenezo, na wa makabidhiano ya zamu. Kiwanda chetu hakikuwa na hatari za kiwango kile, wala sikutaka kumtisha mtu. Lakini niliona wazi kwamba njia ambayo habari zilipotelea ilikuwa ile ile.

Wazo langu lilikuwa na sehemu tatu: ukurasa mmoja utakaojazwa na zamu inayotoka, dakika 15 ambazo zamu zote mbili zitakuwepo pamoja, na sharti kwamba mtambo wowote uliofunguliwa uendewe kwa miguu na wote wawili, anayekabidhi na anayepokea, wautazame pamoja. Kwangu mimi sehemu hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa roho ya jambo zima.

Kabla ya kwenda kwa meneja nilimwendea msimamizi wa zamu aliyekuwa mkongwe kuliko wote, kwa sababu mzigo wa wazo hili ungemwangukia yeye na wenzake. Alisoma rasimu yangu kimya, kisha akasema, “Mwanangu, ukienda kusema kwamba watu wa zamu ni wazembe, wa kwanza kukupinga nitakuwa mimi. Ukienda kusema kwamba mtu aliyekesha anahitaji kitu cha kumshikia kumbukumbu, hapo tuko pamoja.” Nililizingatia neno lake. Habari za ile pampu niliziandika bila jina la mtu wala la zamu, kama jambo ambalo lingeweza kumpata yeyote kati yetu.

Siku ya kuonana na meneja niliichagua kwa uangalifu. Nafikiri wengi wetu hudharau jambo hili: wazo lile lile huweza kupokelewa au kukataliwa kutegemea kama mkubwa wako ana mtambo uliokwama siku hiyo. Nilisubiri mpaka mitambo yote ikawa inakwenda vizuri, nikamwomba nusu saa. Yeye mwenyewe alikuwa mhandisi, alishawahi kufanya kazi za usiku, na hakupenda maneno mengi.

“Mama, nimekuja na pendekezo kuhusu makabidhiano ya zamu,” nilimwambia, “na ningependa nianze na gharama yake.”

Aliinua macho. Nadhani alizoea watu wanaoanza na uzuri wa jambo na kuificha bei yake mwishoni. Nilimweleza kwamba dakika 15 kwa kila makabidhiano, mara mbili kwa siku, ni muda utakaolipwa, na kwamba sikupendekeza ulipwe kwa kila mtu, bali kwa msimamizi na fundi mwenye dhamana ya sehemu husika. Nilimweleza pia yaliyotokea kwenye ile pampu. Aliniuliza kwa nini hakupata taarifa, nami nikamjibu kwamba hatukuwa na mahali pa kuandikia jambo ambalo halijaleta madhara. Alinyamaza kidogo, akachukua karatasi yangu.

Swali lake lililofuata ndilo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa zawadi. “Nani atajaza mistari yote hii saa kumi na mbili asubuhi, baada ya saa kumi na mbili za kusimama? Watatia alama za vema kutoka juu hadi chini bila kusoma, na wewe utaamini kwamba kila kitu kimekaguliwa. Karatasi ya namna hiyo ina hatari kuliko kutokuwa na karatasi.”

Nilijibu kwamba ukurasa ungejazwa kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea, si kwa mkupuo mwishoni. Alikubali nusu ya jibu langu, kisha akachukua kalamu na kuanza kufuta. Vilivyobaki vilikuwa vitu vinne: kilichofunguliwa, kilichozimwa, kilichobadilishwa na kinachosubiriwa. Visanduku vya kutia alama alivifuta vyote, akataka kila kitu kiandikwe kwa maneno, hata kama ni maneno matatu. Nilikuwa nimetumia jioni nyingi kuiandaa karatasi ile, lakini kila alipopitisha kalamu niliona kwamba inakuwa bora, na nilifurahi kuwa mbele ya mtu aliyejali kiasi cha kuikosoa mstari kwa mstari.

Alipofika kwenye sharti la kuuendea mtambo, akataka kulifuta pia. Alisema kwamba kama habari zimeandikwa vizuri, hakuna haja ya kutembea, na muda utapungua. Hapo sikukubali. Nilimwambia, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, kwamba kule Piper Alpha karatasi za vibali zilikuwepo, na bado aliyewasha pampu hakujua kwamba vali haipo, kwa kuwa kuandika jambo si sawa na kulifikisha. Nikamkumbusha kwamba mwenzetu naye aliokolewa kwa kuona. Mtu akisimama mbele ya mtambo uliofunguliwa, na aliyeufungua yuko kando yake, atauliza maswali ambayo hayawezi kumjia akiwa amekaa mezani na karatasi.

Aliniuliza ni mitambo mingapi huwa imefunguliwa wakati zamu zinabadilishana. Nikamjibu kwamba kwa kawaida ni michache, na mara nyingi hakuna kabisa. “Basi gharama yake ni ndogo,” alisema, kama anayejisemea mwenyewe, na sharti likabaki.

Hakuniruhusu kuanza kiwanda kizima. Alinipa sehemu ya pampu peke yake, kwa mwezi mmoja, na kwa masharti mawili: niwepo mwenyewe kwenye makabidhiano, ya asubuhi na ya jioni, na nisibadilishe neno lolote kwenye ukurasa bila kuwauliza wanaoujaza. Sharti la pili ndilo lililozaa matunda ambayo sikuyatarajia. Watu wa usiku walijaza vile vitu vinne bila manung'uniko makubwa, lakini baada ya muda walianza kuandika pembezoni mwa ukurasa mambo ambayo hayakuwa na mahali pake: mlio usio wa kawaida, beringi inayopata joto kuliko jana, harufu ambayo chanzo chake hakijulikani. Msimamizi mkongwe akapendekeza yatengewe nafasi chini, akaiita “ninayoyashuku”. Nilipompelekea meneja kurasa za mwezi ule, alisoma nafasi hiyo kabla ya zile nyingine zote, na beringi mbili kati ya zilizotajwa humo aliagiza zibadilishwe kabla hazijaharibika.

Ilipofika siku ya kulieleza jambo hili mbele ya wasimamizi wa sehemu nyingine, meneja alimtaka yule mkongwe alieleze, si mimi, kwa kuwa wenzake wangemwamini mtu anayekesha nao. Nilikubali kwa moyo wote. Alizungumza kwa muda mfupi, akawaonyesha ukurasa, na swali la kwanza aliloulizwa lilihusu zile dakika 15: zinalipwa, au hazilipwi? Meneja alijibu mwenyewe kwamba zinalipwa, na utaratibu ukaanza kwa zamu zote wiki iliyofuata.