Feni ya milimita 92

Kompyuta yangu ni ya mtumba, zile ndogo za ofisini, niliinunua Kariakoo kwa ajili ya kuhariri video za harusi. Feni yake ya nyuma ilianza kukwaruza Januari, na joto la Dar mwezi huo mnalijua. Nikiiachia video ndefu itoke, prosesa inafika nyuzi 94, mashine inajipunguzia kasi yenyewe. Bwana harusi anapiga simu, mimi nimeshika kipande cha boksi nalipepea kasha kama jiko la mkaa.

Nikachukua futi ya mama ya kushonea, nikapima kutoka tundu la skrubu hadi tundu la skrubu: sentimita nane na kidogo. Basi nikanunua feni ya milimita 80. Nafika nyumbani, skrubu ya juu imeingia, ya chini inatazamana na bati. Kumbe feni inaitwa kwa upana wa fremu, siyo kwa matundu! Ya milimita 92 matundu yake yameachana 82.5; ya 120 yameachana 105. Ningepima ile mbovu ukingo kwa ukingo, nauli yangu ningebaki nayo.

Safari ya pili kijana wa dukani akanishikia yenye taa. "Dada angu, hii ndiyo inayotoka." Kasha langu halina kioo, nikamwuliza, taa zitamwangazia nani, mende? Mimi nilikuwa natazama waya. Feni ya pini tatu hupunguzwa kasi kwa kushushiwa volti. Ya pini nne hubaki na volti zake 12, waya wa nne ndio unaoamuru kasi. Mazabodi yangu, ule ubao mkuu wa kompyuta, inaelewa ya pini nne tu. Ya pini tatu ingezunguka kwa nguvu zote usiku kucha, na chumba cha kazi ndicho ninacholala.

Nikachagua yenye beringi za gololi. Ina kelele zaidi kidogo kuliko ya bushi, ile isiyo na gololi, ila kwenye joto inadumu zaidi.

Nilipoifunga, nikaweka tishu nyuma ya kasha. Ikapeperuka kuelekea nje, maana yake sijaigeuza. Sasa kazi ileile inaishia nyuzi 77.

Ile ya 80 nimeiunga kwenye adapta ya ruta iliyokufa, volti 12. Iko kando ya cherehani, inampepea mama.