Bahasha Ndani ya Kiatu

Juzi kijana wangu alikuwa akitazama marudio ya ile penalti ambayo mwamuzi Joseph Lamptey aliwapa Afrika Kusini dhidi ya Senegal mwezi Novemba 2016, pale mpira ulipogonga mguu wa beki wa Senegal, Kalidou Koulibaly, na mwamuzi akaamua kuwa beki ameunawa. Nilimweleza kwamba mwaka 2017 FIFA ilimfungia maisha mwamuzi huyo, mchezo ukarudiwa, na Senegal wakashinda 2-0 wakafuzu Kombe la Dunia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wewe, baba, hukuwahi kupewa kitu?" Nilimjibu kwamba sikuwahi kupokea, jambo ambalo ni kweli, ingawa sicho alichoniuliza.

Niliikuta ndani ya kiatu changu cha kushoto, katika chumba cha waamuzi, nilipoingiza mguu nikahisi kitu kinajikunja chini ya vidole. Ilikuwa bahasha ya kaki, nene, isiyo na maandishi. Kiongozi mmoja wa timu mwenyeji alikuwa amenisalimu asubuhi kwa kuukumbatia mkono wangu kwa viganja vyake viwili, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa imetoka wapi. Wenzangu walikuwa wakifunga kamba za viatu, vichwa vimeinama kwa muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji. Niliiweka juu ya benchi, mahali ambapo kila mtu angeiona, nikachukua kibendera changu na kutoka, nikijiona mwadilifu kupita kiasi.

Hadi dakika ya 88 hapakuwa na bao. Ndipo kiungo wa wenyeji alipopenyeza mpira katikati ya mabeki, na mimi, kwa bahati ambayo mshika kibendera huiomba maisha yake yote, nilikuwa nimesimama pale hasa ninapopaswa kusimama. Nilimwona mshambuliaji akiwa sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho, bega kwa bega, na sheria haina utata: aliye sambamba hajaotea. Lakini katika nukta ile ile niliiona pia ile bahasha juu ya benchi, nikaona jinsi bao hilo lingeonekana kuwa limelipiwa, na mpira ulipotikisa wavu kibendera changu kilikuwa tayari kimepanda. Mwamuzi wa kati akapuliza filimbi. Mshambuliaji hakulalamika, alinitazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayekadiria wapinzani wamenilipa kiasi gani.

Tuliporudi chumbani benchi lilikuwa tupu, na hakuna aliyeuliza chochote, hata mimi. Katika ripoti sikuandika neno, ingawa kanuni zinamtaka mwamuzi aliyeshawishiwa atoe taarifa mara moja, na kunyamaza ni kosa linalojitegemea. Nilijiambia kwamba sina ushahidi, kana kwamba aliyeuondoa ushahidi alikuwa amenifanyia hisani. Mchezo wetu haukuwa na kamera, kwa hiyo bao lile halina marudio isipokuwa haya ninayoyabeba, na katika haya mshambuliaji hajawahi kuotea hata mara moja.

Kijana alirudisha picha nyuma, akaisimamisha pale mpira unapogusa mguu, akaniuliza kama ninaona. Nikamwambia ninaona.