Ishirini kwa Wino Mwekundu

Kiangazi cha 2016 mji wa Cleveland ulikuwa umelewa furaha. Mwezi Juni LeBron James na wenzake walileta ubingwa wa kwanza wa mpira wa kikapu katika historia ya klabu yao, na mji ulikuwa haujaonja taji la timu yoyote kubwa tangu 1964. Hata sisi wabeba boksi, ambao wengine hatukujua kikapu kimoja kinahesabiwa pointi ngapi, tulinunua fulana. Mzee niliyekuwa namtunza hakununua. Yeye alikuwa na timu yake ya besiboli, Cleveland Spiders, iliyokufa mwaka 1899, na kwa maoni yake mtu asiyeijua hiyo hana haki ya kushangilia nyingine.

Nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani: kuogesha, kupika, kuwapa dawa kwa wakati, kuwapeleka kliniki. Huyu alikuwa dereva wa basi mstaafu, Mmarekani mweusi aliyevuka miaka themanini, mgane, mbishi kuliko wote niliowahi kuwahudumia. Presha ya macho ilikuwa imemwachia tundu dogo tu la kuonea, na hilo tundu alilitumia kunikosoa.

Jumamosi moja ya Julai akaniambia, "Kijana, chukua lile daftari, na maji. Leo twende uwanjani." Nikajua anataka ule uwanja mkubwa wa katikati ya mji. Akasema hapana, makutano ya Lexington na Mtaa wa 66.

Hapo ndipo ilipo League Park, iliyofunguliwa 1891. Majukwaa hayapo tena. Umebaki ukuta wa matofali, jengo dogo la kukatia tiketi ambalo sasa ni makumbusho ya besiboli, na uwanja wenyewe, uliotandikwa nyasi bandia na kufunguliwa upya 2014. Nilisukuma kiti chake cha magurudumu hadi kivulini. Utotoni baba yake alikuwa akimleta hapa kuwaona Buckeyes, timu ya weusi iliyochukua ubingwa wa ligi zao 1945, na nilitegemea hizo ndizo hadithi za siku hiyo. Alizimaliza kwa sentensi mbili, akanipa daftari.

Lilikuwa daftari la shule, lenye jalada jeusi la madoadoa meupe, pembe zimelika. Zamani, macho yakiwa bado mazima, alikuwa akienda maktaba kuu ya mji, anakaa kwenye mashine ya kusomea filamu za magazeti ya kale na kunakili matokeo ya Cleveland Spiders ya msimu wa 1899, mchezo baada ya mchezo: tarehe, mpinzani, mji, mikimbio, yaani pointi za besiboli, na jina la mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa upande wa pili. Kufungwa aliandika kwa penseli. Kushinda aliandika kwa kalamu nyekundu. Michezo 154, mistari myekundu 20.

"Soma," akasema.

Nikaanza. Aprili 15, ugenini St. Louis, tumefungwa kumi kwa moja.

"Nani alikuwa anarusha upande wao?" akauliza, kama mwalimu anayemjaribu mwanafunzi.

Ilikuwa imeandikwa pembeni: Young.

"Cy Young. Msimu uliotangulia alikuwa wetu."

Niliposema sielewi, akafumba macho akanieleza, na kusema kweli nilisikiliza kwa hasira zaidi yake, maana yeye alikwisha izoea. Spiders haikuwa timu mbovu. Mwaka 1895 iliifunga Baltimore na kutwaa Kombe la Temple. Wenye timu walikuwa ndugu wawili, Frank na Stanley Robison, matajiri wa tramu. Uwanja huu waliujenga pale tramu zao zilipopita, ili mtazamaji awalipe njiani na awalipe tena mlangoni. Lakini watu hawakuja kwa wingi walioutaka, na mji ulikuwa mkali juu ya kucheza Jumapili. 1897 polisi waliwakamata wachezaji uwanjani kwa kosa hilo. Basi mwanzoni mwa 1899 timu ya St. Louis, iliyokuwa imefilisika, ikapigwa mnada, na akina Robison wakaichukua. Cleveland hawakuiuza. Ligi haikumkataza mtu kumiliki timu mbili zinazoshindania taji moja!

Wakafanya kile ambacho tajiri yeyote angefanya akiachwa afanye. Young, Burkett, Wallace, meneja Tebeau, karibu kikosi kizima cha kwanza, wakapandishwa treni kwenda St. Louis. Wale ambao St. Louis haikuwataka wakaletwa Cleveland. Stanley Robison hakuficha: Cleveland itaendeshwa kama onesho la pembeni. Watu wa Cleveland nao si wajinga, wakabaki majumbani. Msimu mzima waliokata tiketi hapa walikuwa 6,088, kwa michezo 42. Timu ngeni zikaona mgao wa mlangoni hautoshi hata kulipa hoteli, zikakataa kuja. Spiders ikawa timu ya barabarani, ikicheza michezo 112 ugenini na kufungwa 101.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Besiboli sikuijua, lakini kufungwa nakujua, na sauti yangu ilianza kuchukua mwendo kama wa mtu anayeita majina ya wanafunzi asubuhi. Boston, tumefungwa. Boston, tumefungwa. Brooklyn, tumefungwa. Mwezi Juni jina la meneja pale juu likabadilika: Lave Cross, aliyekuwa ameshinda michezo minane, naye akachukuliwa St. Louis. Nafasi yake akapewa Joe Quinn, mzaliwa wa Australia ambaye kazi yake nyingine ilikuwa biashara ya mazishi. Nilicheka. Mzee naye akacheka, akasema ndiye mtu pekee katika msimu ule aliyepangiwa kazi anayoiweza. Chini ya Quinn walishinda mara 12 na kufungwa 104.

Ukurasa wa Agosti 26 ukaanza kwa penseli, na uliofuata ukawa penseli tupu. Nikamwambia, "Mzee, hapa ni kufungwa tu mpaka mwisho wa ukurasa."

"Usiruke. Wao hawakuruka."

Basi nikasoma yote 24, mmoja mmoja, hadi Septemba 16, na jina lililorudi mara kwa mara kwenye safu ya warushaji lilikuwa Hughey. Jim Hughey alimaliza msimu na ushindi mara nne na vipigo 30. Huyu ndiye aliyekuwa kipenzi cha mzee, si Cy Young ambaye tuzo ya warushaji bora inaitwa kwa jina lake. Aliniuliza kama ninaweza kufikiria mtu aliyefungwa mara ya ishirini na tisa, anapewa mpira tena, na anaupokea. Nilijibu kwamba labda alihitaji mshahara. "Hasa," akasema. Alikuwa ameendesha basi kwa miaka mingi, na sidhani alikuwa akizungumzia besiboli peke yake, ila sikumuuliza.

Septemba 18, dhidi ya Washington, wino mwekundu. Nilipotamka "tumeshinda" alipiga kiganja kwenye mkono wa kiti kwa nguvu, hata watoto waliokuwa wanarushiana mpira karibu na ukuta wakageuka. Ulikuwa ushindi wa ishirini, na wa mwisho. Baada yake zilikuja penseli 16, za mwisho kabisa Oktoba 15 huko Cincinnati, ambako mpira alipewa Eddie Kolb, kijana muuza sigara wa hoteli. Kumi na tisa kwa tatu. Mzee aliijua hesabu hiyo kabla sijaisoma.

Njaa ilituuma tukaenda kununua chakula ambacho daktari alimkataza na mimi nililipwa kumzuia: soseji ndani ya mkate, juu yake chipsi, kabichi na sosi inayochuruzika hadi kwenye viwiko. Tulikula ndani ya gari, milango wazi. Ndipo akaniuliza kwetu Tanzania timu inayoshika mkia hufanywa nini.

Ile ilikuwa miezi michache tu tangu yatupate ya kutupata. Mimi ni mtu wa Tanga, shabiki wa Coastal Union tangu tulipokuwa mabingwa 1988, na msimu wa 2015/16 timu zote tatu za Tanga zilishuka daraja kwa mpigo: Coastal, African Sports na Mgambo. Nilimweleza maana ya kushuka daraja. Ilimchukua muda kukubali kwamba ligi inaweza kumwadhibu mwenye timu kwa kuwa wa mwisho, tena ikamwachia mlango wa kurudi.

"Hapa hakukuwa na chini ya kushukia," akasema. Msimu ulipokwisha ligi ilipunguzwa kutoka timu 12 hadi nane. Cleveland, Louisville, Washington na Baltimore zikafutwa. Nikadhani akina Robison walau walijutia. Wapi! St. Louis yao ilimaliza ya tano, na bingwa alikuwa Brooklyn, ambayo nayo ilikuwa imeunganishwa kimilki na Baltimore na kuchota wachezaji wake bora kutoka huko. Yaani waliofanya ubaya ule kwa akili waliishia na taji. Hili lilimuudhi mzee kuliko vile vipigo 134, na mimi mpaka leo naona ndiyo aibu yenyewe ya msimu ule, ingawa watu wanaotaja Spiders hucheka muuza sigara.

Niliiacha kazi ile mwaka uliofuata nikahamia jimbo jingine, lakini tulikuwa tunapigiana simu. Mwaka 2018 Coastal ilipopanda tena Ligi Kuu, nilimpigia nikiwa bado nahema kwa kelele nilizopiga chumbani peke yangu. Alinipongeza, akataka nimtajie jina la timu mara mbili apate kulishika, halafu akaniuliza mwenye timu ni nani, na kama anayo nyingine.