Rolo la karatasi Ngamiani

Kama umewahi kutafuta karatasi za picha za rangi, zile za kusafishia dakirumu (chumba cha giza cha kusafishia picha), Tanzania hii, utanielewa. Kila duka ukiingia unapewa glosi, karatasi ya kung'aa ya printa. Unawaambia hapana, nataka ile inayoshika mwanga, wanakuangalia kama umetoka msituni. Mimi ilikuwa 2014, enlaja (mashine ya kukuzia picha kutoka kwenye negativu) ninayo, negativu za harusi ya mamangu ninazo, dawa nimeagizia kwa ndugu yangu Nairobi, karatasi tu ndo hakuna.

Basi mtu akaniambia Tanga, pale Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kuna mzee alikuwa na studio yenye mashine ya kusafisha picha, mashine ikafa akaweka ya wino, ila stoo hajafagia. Nikaenda na mshkaji wangu mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnataka paspoti?"

Nikamweleza. Akacheka sana, akatutoa nje ya duka tukazunguka nyuma, na kweli bwana, maboksi yapo, ya njano ya Kodak na ya kijani ya Fuji, yamepangwa mpaka darini. Mi nikaanza kusoma lebo: upana sentimita 15.2, herufi F maana yake inang'aa, na RA-4, yaani mfumo wa dawa za kusafishia karatasi za rangi, ambayo ndo nilikuwa naisaka kwa sababu dawa niliyonayo ni ya RA-4, na kwa hiyo dawa Kodak na Fuji zote zinakubali, hazichagui.

Mzee akanikatiza. "Boksi usilisome. Vijana wangu walikuwa wakitoa rolo kwenye mashine, wanalirudisha kwenye boksi lolote lililo karibu. Na hizi za printa nazo zimo humo humo. Ngojeni usiku."

Usiku tukaingia bafuni kwake, dirisha tumeziba na blanketi, chini ya mlango tumeweka kanga. Mshkaji katoa balbu nyekundu mfukoni, anajiona kajipanga kweli. Mzee akamwambia hiyo mwanangu ni ya blaki endi waiti, ile karatasi haioni wekundu, hii ya rangi inaona bluu, kijani na nyekundu, ukiiwasha umeunguza rolo zima. Kwa hiyo giza. Giza la kweli, mkono wako huuoni.

Hapo ndo nikamkubali yule mzee. Anafungua mfuko mweusi, anakata kipande, kidole kinapita juu yake, anasema huu upande unaojikunja kwa ndani ndo wenye dawa, yaani utando unaoshika mwanga. Akanishika mkono akanipa, akasema lowesha mdomo kidogo, gusisha pembeni. Upande mmoja uling'ang'ania mdomo, mwingine ukateleza. Ni kitu kidogo lakini mpaka leo ndo navyofanya, sijawahi kuona njia bora zaidi.

Halafu jaribio lenyewe. Kila kipande tunakilaza juu ya ndoo, upande wa dawa juu, katikati sarafu ya mia mbili, mzee anabonyeza tochi kidogo tu, inazimwa, kipande kinaenda kwenye developa, dawa ya kutokeza picha. Karatasi nzima inageuka nyeusi palipopata mwanga, chini ya sarafu inabaki nyeupe. Mashine yake ilikuwa inatumia joto la nyuzi 35 kwa sekunde 45, sisi tuna beseni na maji ya moto tunakisia, tukaacha dakika mbili, kisha bliksi, dawa ya pili ya kukaza picha isibadilike tena, ndo tukawasha taa.

Kipande cha kwanza, cha boksi la kijani, hakijabadilika hata kidogo. Hiyo ya printa. Cha pili kimekuwa cheusi kote, ila pale ilipokaa sarafu pana umanjano manjano, kama chai ya maziwa, mzee akasema hilo limekufa kwa joto, stoo ina bati, Tanga unaijua. Cha tatu kimetoka boksi la Kodak: nyeusi tii, na duara la sarafu jeupe pee! Tukapiga kelele humo bafuni mpaka bibi mwenye nyumba akagonga mlango. Nikageuza nyuma nikaona pameandikwa Fujicolor Crystal Archive Paper. Kwenye boksi la Kodak, jamani.

Bei tulivutana mpaka karibu kunakucha, alianza juu sana, akashuka baada ya kukubali kwamba hakuna mwingine atakayekuja kuinunua. Hapo hapo bafuni tukakata rolo gizani, tukipima kwa kipande cha kadibodi ili saizi zisipishane, tukafungasha kwenye mifuko yake myeusi.

Nikazipeleka kwa shangazi Chumbageni, kwenye friji, maana baridi ndo inaizuia isifike pale pa chai ya maziwa. Nikamsihi mfuko usifunguliwe, na mimi mwenyewe nikizitoa naziacha kwanza ubaridi uziishe kabla ya kufungua, la sivyo zinatoa jasho na maji yanaharibu uso wa karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa baba. Na samaki wangu niwaweke wapi?"