Niliahidiwa miezi mitatu, nikaanza kuhesabu saa

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi ya Bagamoyo: ndani ya miezi mitatu utaongea Kiingereza kama maji. Ilikuwa Septemba 2018. Nilikuwa na miaka 26, kidato cha nne nimemaliza, nafanya usafi kwenye nyumba ndogo ya wageni upande wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Dada wa mapokezi alikuwa anaolewa na kuhamia Tanga, na Mama mwenye nyumba aliniita akaniambia bila kuzunguka: "Ukiweza kuzungumza na wageni, kile kiti ni chako." Jioni ile ile nikatoa akiba yangu, nikaenda kulipia kozi.

Si kwamba sikujua Kiingereza kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kama wengi wetu, shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu kidato cha kwanza nikakuta baiolojia, jiografia na hesabu vyote kwa Kiingereza. Miaka minne nilinakili ubaoni, nikakariri, nikajibu mitihani. Ukinipa barua naisoma na kuielewa. Lakini mgeni akiniomba taulo, ulimi unaganda. Nilijiambia ni woga tu, na kwamba miezi mitatu inatosha kuuondoa.

Darasa lilikuwa na watu kama arobaini, jioni tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni. Mwalimu alikuwa mtu mwema, alijituma, sina kinyongo naye. Miezi mitatu ikaisha, nikapewa cheti, nikakaa mapokezi kwa majaribio. Wiki ya kwanza tu, mgeni mmoja mama wa makamo aliniuliza kifungua kinywa ni saa ngapi. Nikamjibu kwa kujiamini: "One o'clock." Nilimaanisha saa moja asubuhi. Yeye kwa saa za kwao akaelewa saa saba mchana, akaondoka alfajiri kwenda Dar es Salaam bila kula wala kulalamika. Meza niliyomwandalia ilikaa vile vile mpaka chai ikapoa. Nililia.

Jirani yetu kule Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, ni mwalimu mstaafu. Nilipita kwake jioni ile.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekukunjamana?"

Nikamweleza. Akavuta kipande cha karatasi. "Darasani mlikuwa wangapi? Arobaini. Dakika tisini ukizigawa kwa arobaini, kila mmoja anapata dakika mbili na kidogo, hata mwalimu asiposema neno. Tuseme mbili. Jioni zilikuwa ngapi? Thelathini na sita. Haya, piga hesabu."

Dakika sabini na mbili. Katika miezi yote mitatu, kinywa changu kilikuwa kimeongea Kiingereza kwa saa moja na dakika kumi na mbili.

"Kwa saa hiyo moja," akasema, "ulitaka upate nini?"

Swali lile lilinibadilisha. Usiku nikaingia kwenye simu kutafuta watu wengine huchukua muda gani. Nikakuta kwamba wanadiplomasia wa Marekani wanaopelekwa nchi zetu husomeshwa Kiswahili na taasisi ya wizara yao ya mambo ya nje, na makadirio ya taasisi hiyo wakati huo yalikuwa wiki 36, saa 900 hivi za darasani. Hao ni watu ambao kusoma ndiyo kazi yao ya siku nzima na wanalipwa mshahara kwa ajili hiyo. Kwa Kiingereza, makadirio ya Cambridge, wale watunga mitihani ya Kiingereza, ni kwamba kutoka sifuri hadi ngazi ya B1, ile ya kujitegemea katika mambo ya kila siku, ni saa 350 hadi 400 za kufundishwa, na B2, ngazi inayofuata, ni 500 hadi 600. Kozi yangu nzima ilikuwa saa 54. Wengine wangekata tamaa kwa takwimu hizo. Mimi nilipumua, maana miezi yote ile nilikuwa nimeamini kichwa changu kina kasoro.

Nikanunua daftari la kurasa 96 na kuanza kuandika saa badala ya miezi, na nilijiwekea sharti kwamba dakika zinazohesabiwa ni zile tu ambazo mdomo wangu unatoa sauti. Kusikiliza redio haimo. Kusoma haimo. Nusu saa kwa siku, wakati mwingine kwa kujirekodi kwenye simu huku nakunja mashuka. Mama mwenye nyumba alinivumilia, nikawa nafanya usafi asubuhi na kukaa mapokezi jioni tu, wageni wakiwa wachache.

Jambo la pili nililijifunza kwa kijana anayeuza vinyago kwenye njia ya kwenda ufukweni. Kila mtu alisema yule anakijua Kiingereza. Nami nilimwonea wivu, mpaka siku mgeni alipomweleza kuwa mtoto wake ana homa na anatafuta zahanati. Kijana akakwama kama mimi. Kwenye bei, aina ya mti na punguzo anatiririka, nje ya hapo hana maneno. Nikaelewa kwamba hiyo "fluent" tunayoizungumzia, yaani kuongea kama maji, haiji kama mvua ikalowesha shamba zima kwa mara moja. Mtu hulima jaruba moja, halafu lingine. Basi nikaacha kujiuliza lini nitajua Kiingereza. Nikawa najiuliza ni kazi gani naweza kuifanya kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho, bila kumwita mtu.

Nilianza na saa, kwa sababu ya yule mama. Mwezi mzima nilihesabu saa za Kizungu kwa sauti, kila kitu nilichofanya. Kisha bei na chenji. Kisha kuelekeza njia ya Ngome Kongwe, soko la samaki, magofu ya Kaole. Hayo yalikuja bila shida kubwa.

Sauti ndizo zilizonitoa jasho. Sisi watu wa pwani tuna bahati ambayo hatuisemi: ile "th" inayowatesa watu wa mataifa mengi tunayo tangu utotoni, kwenye thelathini na dhahabu. Lakini vokali zetu ni tano tu, na Kiingereza kina nyingi kuliko hizo. "Hut", "hat" na "heart" kwangu zilitoka sauti moja. Halafu kuna mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, huhitaji kufikiri. Kiingereza kinakaza popote: "breakfast" mwanzoni, "tomorrow" katikati, "hotel" mwishoni. Wageni wengi hawakunielewa kwa sababu ya mkazo, wala si sarufi. Nilipogundua hilo nikaanza kuandika kila neno jipya na mstari chini ya silabi nzito.

Na kuna mambo ambayo kamusi haisaidii. Mzee mmoja alijikwaa ngazini, nikamwambia "sorry" nikikusudia pole yetu. Akashangaa: lakini si kosa lako. Sasa nauliza kwanza kama yuko salama.

Jaruba lililonifunza zaidi lilikuwa hadithi ya David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti. Karibu kila mgeni anayetoka Misheni, ile ya zamani ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, anarudi na maswali juu yake. Nikaandika sentensi sita: kwamba alifariki Mei 1873 kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, kwamba watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa takriban miezi tisa, kwamba ulifika Bagamoyo Februari 1874 ukalazwa Misheni, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Sentensi sita zilinichukua wiki tatu mpaka zitoke bila kusitasita. Mara ya kwanza nilisema Susi "she", maana neno letu "yeye" haliangalii mwanamume wala mwanamke, na kwa jina lile mgeni akaamini kabisa Susi alikuwa mwanamke. Neno "heart" nalo lilikuwa muhimu, kwa kuwa moyo wake ulizikwa kule kule chini ya mti, na nilipolitamka vibaya hadithi yote ilivurugika.

Hata hivyo hadithi niliyoikariri ilikuwa mlango tu. Siku moja msichana wa miaka kama kumi na miwili aliniuliza kwa nini walimbeba mbali hivyo badala ya kumzika pale pale. Nikanyamaza. Jibu nililijua kwa Kiswahili, ila sikuwa nimelifanyia mazoezi. Tangu siku hiyo, kila hadithi naiandalia maswali matano ya "kwa nini", nayajibu kwa sauti nikifagia. Kama kuna kitu kimoja kilichonisogeza kuliko vyote, ni hicho.

Mwaka 2020 wageni walikatika. Miezi ile niliongea na simu yangu na yule mwalimu mstaafu barazani kwake, naye akinirekebisha kitu kimoja tu kwa jioni, hata nikikosea kumi. Alisema nikirekebishwa yote nitanyamaza. Nilipofikisha saa 200 nilikuwa nimekaa mapokezi moja kwa moja. Kati ya saa 300 na 400 sikuona mabadiliko yoyote, na ingekuwa si daftari ningeacha. Nilirudi kusikiliza rekodi za mwanzo, nikasikia tofauti mwenyewe.

Leo daftari la tatu linasoma saa 640. Mgeni akilalamika kwamba maji yamekatika, namweleza sababu na nitafanya nini. Wageni wanne wakizungumza wenyewe kwa wenyewe mezani, kwa kasi na kwa utani, bado wananipita. Sijiwekei lengo la kuwafuata mwaka huu.

Mwaka huu lengo ni simu. Kwenye simu huoni mdomo wa mtu wala mikono yake. Jumanne iliyopita alipiga mwanamume kutoka Ireland, anataka vyumba viwili kwa siku tatu, mmoja uwe chini kwa ajili ya mama yake asiyeweza kupanda ngazi. Nilimsomea tarehe zote upya, akathibitisha. Nilipokata nikafungua daftari nikaandika: simu, dakika nne, nimemwomba arudie mara mbili. Mwezi uliotangulia, simu ya urefu kama huo, nilikuwa nimeandika mara tano.